Kuanguka kwa Haki: Uhakiki wa Mvutano na Majukwaa katika Super Mario Bros. na Celeste

Anayeuliza kisa cha Super Mario Bros. hujibiwa kwa sentensi moja: binti mfalme ametekwa, na fundi bomba mwenye masharubu anakwenda kumkomboa. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kuanza uhakiki kwa muhtasari wa kisa, kisha wahusika, kisha mandhari, kisha ujumbe, atamaliza kazi yake katika nusu ukurasa na kuhitimisha kwamba mchezo huu hauna maudhui. Hukumu hiyo nimeisikia darasani, na mimi mwenyewe niliwahi kuitoa. Katika makala hii nataka kuipinga. Hoja yangu ni kwamba katika michezo ya kuruka majukwaa, maudhui hayakai ndani ya kisa. Yanakaa katika namna mhusika anavyoruka, anavyoanguka na anavyotua. Mvutano ndio fani ya kazi hizi, na fani hiyo inaweza kumtendea haki mchezaji au kumdhulumu.

Kazi ninazozihakiki ni mbili hasa: Super Mario Bros. ya Nintendo (1985), iliyoongozwa na Shigeru Miyamoto, na Celeste (2018), iliyotengenezwa na Maddy Thorson, Noel Berry na wenzao. Donkey Kong (1981) na Prince of Persia (1989) nitazitaja pale tu zinaponisaidia kupima.

Kwanza, msomaji asiyeandika programu aelewe kwamba ndani ya kompyuta hakuna kinachoanguka. Kuna picha zinazochorwa moja baada ya nyingine, kwa kawaida 60 kila sekunde, na kuna namba mbili zinazohifadhiwa kwa ajili ya mhusika: mahali alipo na kasi aliyo nayo. Kila picha mpya inapotayarishwa, programu huongeza kiasi kidogo kwenye kasi ya kushuka, kisha huisogeza ile namba ya mahali kwa kadiri ya kasi hiyo. Huo ndio mvutano wote. Katika Celeste, kiasi hicho ni pikseli 900 kwa sekunde kila sekunde, yaani kila picha kasi ya kushuka inaongezeka kwa 15. Madeline, mhusika mkuu, akiruka hupewa kasi ya pikseli 105 kwa sekunde kwenda juu, katika picha yenye upana wa pikseli 320 na kimo cha 180.

Tuseme waandishi wangeishia hapo na kumwachia Galileo kazi iliyobaki. Muda wa kupanda ungelingana na muda wa kushuka, na kimo cha mruko kingeamuliwa tangu mguu unapoachana na ardhi. Kwa hesabu hiyo Madeline angepanda takriban pikseli 6, yaani kama nusu ya kimo cha mwili wake. Huo si mruko, ni kushtuka.

Lakini hawakuishia hapo. Mchezaji akiendelea kushikilia kitufe, kasi ya kupanda haipungui kwa muda wa hadi sehemu ya tano ya sekunde, ni kama mvutano umesimama mlangoni ukisubiri kuruhusiwa. Halafu, Madeline anapokaribia kilele na kasi yake imeshuka chini ya 40, mvutano unakatwa nusu maadamu kitufe bado kimeshikiliwa. Kule juu anaelea kidogo, kiasi cha kumpa mchezaji nafasi ya kuona atue wapi. Jumla ya mruko mkubwa, nikikokotoa kwa namba hizo, inafika karibu pikseli 28. Ni zaidi ya mara nne ya kile ambacho fizikia ya kweli ingemruhusu.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatashangaa. Mshairi wa kimapokeo anayebanwa na mizani huandika “alokuja” badala ya “aliyekuja”, na akihitaji silabi zaidi huandika “enenda” badala ya “enda”. Tunaita inkisari na mazida, na hakuna mhakiki makini anayesema kwamba mshairi huyo hajui sarufi. Kile kilele chenye mvutano nusu ni mazida. Kimerefushwa kwa sababu mapigo ya kazi yanataka kirefushwe. Swali la mhakiki ni lilelile tunalouliza kwenye shairi: je, uhuru huu umetumika kwa faida ya nini?

Super Mario Bros. ilikuwa imeshatoa jibu miaka 33 kabla ya Celeste. Mario naye ana mivutano miwili. Anapopanda huku kitufe kimeshikiliwa, mvutano ni mwepesi. Kitufe kikiachwa, au akianza kushuka, unakuwa mzito. Zaidi ya hayo, akiwa hewani anaweza kujisogeza kulia au kushoto. Hakuna mwanadamu aliyewahi kurefusha mruko wake baada ya kuachana na ardhi, wala aliyegeuza nia katikati ya hewa. Mbona basi mtoto anayecheza kwa mara ya kwanza haoni ajabu? Jibu liko kwenye kitufe. Kitufe kina hali mbili tu, kimebanwa au hakijabanwa, na hakipimi nguvu. Mtoto anayetaka kuruka juu sana hukikandamiza huku ameuma midomo na kuinua mabega, lakini kitufe hakijui lolote kuhusu mabega. Miyamoto na wenzake waliufanya muda usimame mahali pa nguvu: aliyetaka sana ndiye anayeshikilia kwa muda mrefu. Huu ni uongo kuhusu dunia, ila kuhusu mchezaji ni ukweli mtupu.

Kwa maoni yangu uongo mzuri kuliko wote uko kwenye ukingo wa jukwaa. Katika Celeste, Madeline akishatoka nje ya ukingo bado anaruhusiwa kuruka kwa muda wa sekunde 0.1, picha kama 6 hivi. Wasanifu wa michezo wameubatiza muda huu kwa jina la Wile E. Coyote, yule mnyama wa katuni za Marekani anayekimbia hadi nje ya genge na asianguke mpaka atazame chini. Mtu anaweza kusema huu ni upendeleo. Mimi nasema ni kusahihisha kosa la mashine. Mchezaji huona ukingo, hukata shauri, kidole hushuka, na katika mlolongo huo muda umepita. Alikusudia kuruka akiwa juu ya jukwaa, na kwa macho yake aliruka akiwa juu ya jukwaa. Programu isiyo na huruma ingemwambia, “Ulichelewa kwa picha mbili,” nayo ingekuwa sahihi, na mchezaji angeondoka akiamini ameonewa. Naye angekuwa sahihi pia.

Nisieleweke kwamba mvutano mpole ndio mvutano bora. Prince of Persia ya Jordan Mechner ni mfano wa kinyume, na ninaiheshimu sana. Mechner alimrekodi mdogo wake kwa video akikimbia na kuruka, kisha akaichora miondoko ile picha kwa picha kwenye Apple II. Matokeo yake ni mwili wenye uzito. Mwana mfalme akianza kuruka hawezi kughairi, na akitaka kusimama huteleza hatua moja mbele. Akianguka ghorofa mbili huumia. Akianguka ghorofa tatu hufa. Mchezaji wa Mario anayeingia humo hufa mara kumi katika dakika chache. Hata hivyo hakuna dhuluma, kwa sababu kazi nzima inahusu mwili unaovunjika na muda unaokwisha: mchezaji ana dakika 60 tu za kumwokoa binti mfalme. Ukali wa mvutano umeshikana na kisa hadi huwezi kuvitenganisha. Kigezo changu basi si upole wala ukali. Ninauliza kama kuanguka kunasema neno lilelile ambalo kazi yote inalisema, na kama mchezaji anaweza kulisikia.

Mvutano humshusha mhusika, lakini jukwaa ndilo linaloamua kama ameshuka salama. Hapa mambo huwa magumu zaidi. Mario tunayemwona ana kofia, pua na masharubu. Mario anayegongana na matofali ni kisanduku. Kila picha programu huuliza: je, kisanduku hiki kimeingia ndani ya tofali? Kikiwa kimeingia, kisukumwe nje. Maneno mepesi hayo. Lakini kisukumwe upande gani? Mwili uliozama kwenye pembe ya tofali una njia mbili za kutoka, juu au pembeni, na programu haikumbuki ulivyofika pale isipokuwa imefundishwa kukumbuka.

Udhaifu huo ndio uliozaa dunia maarufu ya -1. Mwishoni mwa hatua ya 1-2, mchezaji stadi anaweza kumbana Mario kwenye pembe ya ukuta kwa namna ambayo programu, badala ya kumrudisha alikotoka, inamsukuma mbele ndani ya matofali mpaka anatokea upande wa pili, kwenye chumba cha mabomba ya kurukia dunia za mbele. Akiingia kwenye bomba kabla programu haijaweka namba sahihi, anapelekwa dunia ya 36. Namba hiyo huchorwa kama nafasi tupu, ndiyo maana kwenye skrini tunaona nafasi, kistari na 1. Katika toleo la kaseti ni hatua ya majini isiyo na mwisho: ukifika ukingoni unarudishwa mwanzo, hadi uhai wote uishe. Wachezaji waliigeuza kuwa hekaya, kana kwamba Nintendo ilificha siri. Siri yenyewe ilikuwa ukuta uliosahau upande wake wa ndani na wa nje. Mimi naona kosa hilo linafundisha kuliko hatua nyingi zilizokusudiwa, kwa sababu linamfunulia mchezaji kwamba uimara wa tofali ni uamuzi unaotolewa upya kila picha.

Celeste inalikwepa tatizo kwa subira. Thorson ameeleza hadharani jinsi miili inavyosogezwa humo: mahali pa mhusika daima ni namba kamili, anasogezwa pikseli moja baada ya nyingine, kwanza ulalo na kisha wima, na kila pikseli programu inauliza kama mbele kuna kizuizi. Kikiwepo, anasimama hapo hapo. Vipande vya pikseli vinavyobaki huwekwa akiba hadi vitimie pikseli moja. Kwa njia hiyo mwili hauingii kamwe ndani ya ukuta, kwa hiyo swali la kusukumwa upande gani halizuki. Jukwaa linalotembea nalo lina wajibu wake: kabla ya kusogea linatafuta nani amesimama juu yake ili limbebe, na nani yuko njiani ili limsukume. Asiye na pa kusukumiwa hupondwa. Tena kuna huruma nyingine, ndogo lakini ya thamani. Madeline akiruka na kichwa chake kikagonga pembe ya tofali kwa pikseli zisizozidi 4, anasogezwa pembeni kimya kimya na kuendelea kupanda. Wengi huumaliza mchezo bila kujua.

Hapo ndipo palipo na shaka ya kweli. Kama mchezo unanisahihisha nisijue, je, ushindi wangu ni wangu? Nililifikiria jambo hili kwa muda na bado halijanitoka. Ninachoweza kusema ni kwamba Celeste haisamehi uamuzi mbaya. Aliyeruka kuelekea miiba atafikia miiba. Inachosamehe ni tofauti ndogo kati ya alichokusudia mchezaji na kilichopimwa na mashine. Isitoshe, watengenezaji waliiweka hadharani programu inayomwendesha Madeline, na namba nilizozitaja hapo juu yeyote anaweza kuzisoma humo. Huruma inayofichwa mezani lakini ikaandikwa kitabuni si ulaghai.

Lawama yangu kwa Celeste iko kwingine. Kasi ya kuanguka ina kikomo cha pikseli 160 kwa sekunde. Ukigawa kwa 900 utaona kwamba mwili ulioanza kudondoka tu hufikia kikomo hicho chini ya sehemu ya tano ya sekunde, baada ya kushuka pikseli kama 14. Mwili wa Madeline una kimo cha pikseli 11. Hivyo, akishaanguka kimo kinachozidi kidogo chake mwenyewe, kuanguka kote kunakobaki ni kwa kasi ileile, awe ameponyoka kwenye jiwe au kwenye kilele. Kwa udhibiti wa mchezaji kikomo hicho kinafaa, sibishi. Lakini hii ni kazi inayohusu mlima, inayohusu msichana anayesumbuliwa na hofu, na mlima wenyewe hauogopeshi kwa urefu wake. Kinachoua ni miiba na mashimo. Katika Donkey Kong, kazi ngumu na maskini kwa kila kipimo kingine, mhusika hufa akidondoka urefu usiozidi sana kimo chake, na kwa hiyo kila ngazi ya chuma pale juu inatisha. Celeste ilichagua faraja ya kidole na ikapoteza kizunguzungu. Sidhani ilihitaji kupoteza chote.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba picha 60 kwa sekunde ni haki ya kila mtu. Si hivyo, na hakujawahi kuwa hivyo. Televisheni za Japani na Marekani katika miaka ya 1980 zilionyesha picha 60 kwa sekunde, za Ulaya Magharibi 50. Michezo iliyohesabu muda kwa kuhesabu picha, kisha ikapelekwa Ulaya bila kurekebishwa, ilikwenda kwa kasi ya sehemu tano kati ya sita. Mtoto wa Ufaransa aliishi katika mvutano mwepesi kuliko wa mtoto wa Japani, na sababu ilikuwa televisheni ya sebuleni kwao.

Suala hili lilinifikia mwenyewe mwaka jana. Mwenzangu wa chumba cha jirani hapa hosteli, anayesoma kompyuta, alitengeneza mchezo wa msichana anayevuka mto kwa kurukia magogo. Aliniomba nimsahihishie Kiswahili cha maelezo. Kwenye kompyuta yake ulikuwa mzuri kabisa. Kwenye simu yangu, ambayo ikipata joto hujikongoja kwa picha 15 kwa sekunde, msichana alipita katikati ya gogo la tatu kama mtu apitaye kwenye moshi. Nilipomwonyesha alicheka. “Kaka, simu yako ndiyo mbovu.”

Nilimwomba namba zake tukakaa na karatasi. Kikomo cha kuanguka alikiweka pikseli 360 kwa sekunde. Kwenye kompyuta yake hizo ni pikseli 6 kila picha. Kwenye simu yangu ni 24. Gogo lina unene wa pikseli 16. Katika picha moja miguu iko juu ya gogo, katika picha inayofuata mwili umeshalipita, na hakuna picha hata moja ambamo viwili hivyo vimekutana. Kwa programu yake, gogo halikuwahi kuguswa. Tukatazama na mruko. Kasi ya kuanzia 300, mvutano 900, na programu yake huongeza mvutano kwanza kisha husogeza mwili. Kwa picha 60 msichana hupanda pikseli 47 na nusu. Kwa picha 15 hupanda 40. Gogo la tano alikuwa ameliweka kwenye kimo cha 45. Aliponyamaza nilijua ameona: kwa mwenye simu kama yangu gogo lile halifikiki, hata awe na ustadi gani, na mchezo utaendelea kumwambia ajaribu tena.

Hili si jambo la kiufundi la kuwaachia mafundi, na mhakiki analo la kusema. Kazi inayobadilisha sheria zake kwa kufuata bei ya chombo cha msomaji imechagua wasomaji wake, hata kama mwandishi hakukusudia. Tiba yake inajulikana siku nyingi na si ghali: muda ugawanywe vipande vidogo vinavyolingana, kila kipande sehemu ya 60 ya sekunde, na simu inayochora picha 15 ipige hatua nne za hesabu kwa kila picha moja. Itaonyesha machache, lakini itahesabu yote. Kuanguka kutaonekana kwa kukatikakatika, ila kutakuwa kuanguka kulekule kwa kila mtu.

Alifanya hivyo ndani ya wiki moja. Gogo la tatu sasa linanibeba na la tano nalifikia. La sita ndilo linaloelea kutoka ukingo hadi ukingo. Linatembea, msichana anabaki amesimama palepale hewani, halafu anatumbukia majini, kwa kuwa programu inalisogeza gogo bila kuuliza nani yuko juu yake. Nimemwambia aanze na gogo, msichana afuate. Ameniomba nimwachie simu yangu mpaka Jumapili ajaribie humo, na nimemwachia.